Kabla Hujalivunja Kufuli la Mti wa Ukoo

Jioni moja nilikaa kuingiza kwenye kompyuta majina niliyopewa na shangazi yangu mchana wake. Yalikuwa majina 41 ya tawi la familia lililohamia Pangani, tawi ambalo katika mti wetu lilikuwa limeandikwa kwa maneno matatu tu: "watoto wa Pangani". Shangazi aliyataja kwa mpangilio wake mwenyewe, nyumba kwa nyumba badala ya umri kwa umri, na kila jina alilifunga kwenye tukio: huyu alizaliwa mwaka wa njaa, yule aliozwa Bagamoyo akarudi na mtoto mgongoni. Nilipofika jina la 33, uniti za luku zikaisha. Kompyuta yangu ni ya mezani, haina betri, ikazimika papo hapo. Nilinunua umeme kwa simu, nikabonyeza zile tarakimu 20 kwenye mita, taa zikawaka. Nikafungua Gramps, programu yangu ya nasaba, nikauchagua mti wetu, na badala ya mti likanijia dirisha dogo. Liliniambia kwamba inaelekea kuna mtu mwingine anauhariri mti huu, kwamba umefungwa, na kwamba nikilivunja kufuli ilhali mtu huyo bado yumo, naweza kuziharibu data zote.

Nyumbani tulikuwa mimi na shangazi tu, naye alikuwa amelala.

Tangu siku ile nimewasaidia ndugu na marafiki kadhaa wanaoandika nasaba zao, wengine hapa Tanga, wengine Mombasa, na binamu yangu mmoja aliyeko Muscat. Nimeona ujumbe wa aina hii ukiwapeleka watu njia mbili. Wapo wanaouogopa, wakauacha mti miezi mizima bila kuugusa. Na wapo wanaoufuatia kwenye folda na kufuta kila faili wasilolijua, mpaka mti ukubali kufunguka. Hawa wa pili ndio wanaoniumiza moyo. Programu ikiharibika unaipakua upya. Mzee aliyekutajia majina mwaka juzi pengine leo hayupo, na alichokuambia kimebaki mahali pamoja tu, ndani ya faili hilo unalotaka kulifanyia haraka.

Ndiyo maana naandika. Mtu akielewa jambo moja tu kuhusu makufuli haya, sehemu kubwa ya hofu na ya haraka huondoka. Jambo lenyewe ni kwamba programu zinaposema mti umefungwa, zinaweza kuwa zinasema mambo mawili yasiyofanana kabisa.

Chukulia chumba cha kubadilishia nguo. Njia moja ya kuwajulisha watu kwamba kina mtu ni kutundika kibao mlangoni: "Kuna mtu". Njia nyingine ni yule aliye ndani kushika kitasa kwa mkono. Kibao kina kasoro moja: aliyekitundika akitoka kwa mlango wa nyuma, kibao hubaki kikining'inia na kuwazuia watu bure. Mkono hauna kasoro hiyo. Aliyeshika kitasa akiondoka, mlango unafunguka, kwani hakuna mkono usio na mwenyewe. Basi programu za nasaba hutumia vibao, na hifadhidata zilizo chini yake hutumia mikono. Swali la kujiuliza kila mara ni hili: ninachokiona ni kibao au ni mkono?

Nianze na kibao, maana ndicho kilichonikuta mimi. Gramps ni programu ya bure ambayo chimbuko lake ni mwaka 2001, na kila mti unaouanzisha huutengenezea folda yake. Ndani ya folda hiyo kuna faili linaloitwa name.txt lenye jina la mti, kuna sqlite.db ambalo ndilo lenye watu wenyewe, ndoa zao, tarehe na vyanzo, na mti ukiwa wazi huwepo pia faili dogo linaloitwa lock. Hicho ndicho kibao. Gramps hukiandika unapoufungua mti na kukifuta unapoufunga kwa utaratibu. Umeme ukikatika, au programu ikianguka, hakuna wa kukifuta, kwa hiyo kinabaki pale hata ukiwasha kompyuta mara kumi.

Uzuri ni kwamba kibao hiki kina maandishi. Kifungue kwa programu yoyote ya maandishi, utaona jina la mtumiaji na jina la kompyuta vimetenganishwa kwa alama ya @. Nilipokifungua changu usiku ule, jina lilikuwa langu na kompyuta ilikuwa ile ile niliyoikalia. Hapo hakukuwa na fumbo tena. Mimi ndiye niliyeufunga mti, na mimi huyo huyo nimetoka bila kukitoa kibao.

Watu wengine hupata shida kuiona folda yenyewe, hasa kwenye Windows ambako iko ndani ya AppData, nayo hufichwa. Katika mipangilio ya Gramps kuna mstari unaoonyesha njia ya folda ya hifadhidata. Inakili njia hiyo uibandike juu kwenye dirisha la mafaili. Utakuta folda zenye majina ya ajabu, kitu kama 5f3a1c2b. Usiyaogope, wala usiyabadilishe. Gramps huipa folda jina la sekunde ulipozaliwa mti huo, zikihesabiwa kutoka mwanzo wa mwaka 1970 na kuandikwa kwa tarakimu za msingi wa 16. Hilo nililoliandika hapa ni la Jumatatu, tarehe 17 Agosti 2020, saa 2:56 asubuhi kwa saa zetu. Mimi hupenda jambo hili, kwamba mti wa ukoo nao una wakati wake wa kuzaliwa. Kwa kazi ya leo linatosha kukusaidia kujua folda ipi ni ya mti upi bila kubahatisha, na name.txt itakuthibitishia.

Sasa, kabla ya kubonyeza kitufe cha kuvunja kufuli, fanya mambo mawili. Kwanza hakikisha hakuna Gramps nyingine iliyo hai. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uitazame orodha ya programu zinazoendeshwa. Mara nyingi utakuta dirisha la kwanza lilijificha nyuma ya mengine, au programu iliganda ikabaki bila dirisha. Ukiikuta imejificha, ifunge kwa kawaida, na kibao kitaondoka chenyewe. Ukiikuta imeganda kabisa, ipe dakika kadhaa kwanza. Mti wenye maelfu ya watu unapoingiza faili kubwa huonekana kama umekufa, kumbe unafanya kazi.

La pili ni kunakili folda nzima ya mti, na kila kilichomo, hata lile faili la lock, hata mafaili usiyoyajua, ukaiweka mahali pengine. Nanyi mtakaonishinda kwa haraka, naomba hili msiliruke. Kunakili hakuchukui hata dakika mbili, na baada ya hapo lolote utakalofanya linaweza kurudishwa nyuma.

Ukishafanya hayo mawili, na jina kwenye kibao likiwa lako na la kompyuta yako, livunje kufuli bila wasiwasi. Kitufe kile hakifanyi uchawi wowote. Kinafuta faili la lock, basi. Usiku ule mti wetu ulifunguka na majina 32 yalikuwemo yote. Gramps huandika kwenye diski kila unapothibitisha fomu ya mtu mmoja, kwa hiyo nilichopoteza ni yule wa 33 niliyekuwa katikati yake.

Jina kwenye kibao likiwa si lako, au kompyuta si hiyo, simama. Hali hii huwapata wanaobeba mti kwenye flashi, leo nyumbani, kesho ofisini, keshokutwa kwa rafiki. Kama flashi ilichomolewa mti ukiwa wazi kwenye kompyuta ya dukani, kibao kitakuja na jina la kompyuta ya dukani. Hapo kazi yako ni kuuliza, au kurudi huko ukatazame kama programu bado iko wazi. Na kama folda ya mti iko kwenye mtandao wa nyumbani au wa ofisi, mpigie simu mwenzako kabla ya kugusa chochote. Laptopu yake inaweza kuwa imefunikwa tu, imelala, na mti uko wazi ndani yake. Akiifunua itaendelea kuandika kana kwamba hakuna mtu mwingine aliyepita.

Kibao kimeisha. Mkono ndio unaosumbua zaidi, kwa kuwa hauonekani.

Chini ya Gramps za sasa, na chini ya RootsMagic, programu nyingine ya nasaba, kuna hifadhidata inayoitwa SQLite, ambayo D. Richard Hipp aliianzisha mwaka 2000 na leo imo karibu katika kila simu. SQLite huuweka mti mzima ndani ya faili moja. Wasomaji wengi wanaweza kulisoma kwa wakati mmoja, lakini mwandishi ni mmoja tu, na anapofika hatua ya kuandika kwenye faili lenyewe, katika utaratibu wake wa kawaida, hata wasomaji husubirishwa. Zamu hii inalindwa na mfumo wa kompyuta wenyewe, na kufuli lake haliandikwi kwenye faili lolote. Programu ikifa, kufuli linakufa nayo. Umeme ukikatika, hakuna kufuli linalobaki.

Kwa hiyo ukiona ujumbe unaosema hifadhidata imefungwa, na si lile dirisha la Gramps la kukuuliza kama uvunje kufuli, usitafute faili la kufuta. Halipo. Kuna programu iliyo hai, sasa hivi, imeshika kitasa. Kuwasha upya kompyuta mara nyingi kunamaliza tatizo, lakini likirudi baada ya saa moja utakuwa hujajua sababu. Afadhali umtafute mwenye mkono.

Kwa uzoefu wangu washukiwa ni wachache. Wa kwanza ni dirisha la pili la programu ile ile. Wa pili ni antivirasi, ambayo hulishika faili kila linapobadilika ili ilikague. Katika mipangilio yake unaweza kuitoa folda ya mti kwenye ukaguzi wa papo kwa papo. Wa tatu huwapata wadadisi, watu ninaowapenda sana, wanaofungua faili la mti kwa DB Browser for SQLite ili waone ndani mna nini. Ukibadilisha kitu kidogo tu humo na usihifadhi, DB Browser hukaa imeshika nafasi ya mwandishi mpaka utakapohifadhi au kughairi, na programu yako ya nasaba itakuwa inagonga mlango bure. Tazama, lakini tazama nakala.

Kama washukiwa hawa hawapo, kuna njia ya kuuliza moja kwa moja. Kwenye Linux na Mac, andika lsof kwenye terminali, ukifuatiwa na njia ya faili la hifadhidata, na utatajiwa programu inayolishika. Kwenye Windows, Microsoft wanatoa bure mkoba wa vifaa unaoitwa PowerToys, na kimojawapo ni File Locksmith: bofya faili kwa kitufe cha kulia, nacho kitakutajia. Mtu akishajua ni programu gani, swali la nini afanye huwa limekwisha kujijibu.

Mshukiwa wa nne nimemweka peke yake kwa sababu ndiye ninayemkuta mara nyingi kuliko wote: huduma za kuhifadhi mafaili mtandaoni. Kompyuta nyingi mpya za Windows huja na OneDrive, na mwenye kompyuta huulizwa mwanzoni kabisa, wakati anabonyeza "ndiyo" kwa kila kitu, kama folda ya Documents ihifadhiwe mtandaoni. Miezi sita baadaye anafungua mti wake uliomo Documents bila kujua kwamba kila anapoongeza mtu, kuna programu nyingine inakimbilia faili lile kulinakili. Mara nyingine wanakutana mlangoni, na ujumbe wa kufungwa unatokea. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba huduma hizi hazijui kwamba mafaili ya hifadhidata ni ya kwenda pamoja. Zinaweza kupeleka faili moja sasa na mwenzake baadaye, na ukiufungua mti kwenye kompyuta ya pili unapata nusu ya leo na nusu ya jana. Ushauri wangu hapa sitaulegeza: mti unaoufanyia kazi ukae kwenye diski ya kompyuta yako, nje ya folda yoyote inayosawazishwa. Mtandaoni peleka nakala iliyokwisha kufungwa.

Kwa sababu hiyo hiyo usiuweke mti wa SQLite kwenye diski ya mtandao ili watu wawili waufungue kutoka kompyuta mbili. Mifumo mingi ya kushirikiana mafaili haiwasilishi kwa uaminifu habari za nani kashika kitasa. Kompyuta ya kwanza inashika, ya pili inaambiwa pako wazi, na zote mbili zinaandika. Hapo hutaona ujumbe wowote wa kufungwa, na kutokuona huko ndiko kubaya zaidi.

Nimesema mafaili ya kwenda pamoja, na hapa naomba subira, maana ndipo palipotokea maafa ambayo hadi leo yananikera. Mpwa wangu alinipigia simu asubuhi moja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Njema. Mjomba, ule mti wa upande wa baba umeharibika. Juzi umeme ulikatika, uliporudi mti ukaandika umefungwa. Nikafuta yale mafaili ya ziada, ukafunguka vizuri tu. Leo baadhi ya watu hawapo, na nikimbofya bibi, programu inajifunga."

"Mafaili gani ya ziada?"

"Moja linaitwa lock. Jingine lina jina la hifadhidata, ila mwishoni kumeongezwa journal. Nilidhani yote ni makufuli."

Lile la kwanza lilikuwa kibao, na kulifuta hakukuwa na madhara. La pili lilikuwa dawa. Katika utaratibu wake wa kawaida, SQLite kabla haijabadilisha ukurasa wowote wa hifadhidata hunakili kwanza ukurasa wa zamani kwenye faili la pembeni, lenye jina lile lile na mkia wa -journal. Ikimaliza kuandika salama, hulifuta. Umeme ukikatika katikati, hifadhidata inabaki nusu mpya nusu kuukuu, na faili la pembeni linabaki na kurasa zote za zamani. Mara ya kwanza utakapoufungua mti, SQLite italiona, itarudisha kurasa zile mahali pake, na mti utarejea kama ulivyokuwa kabla ya tendo lile lililokatizwa. Yote haya hufanyika yenyewe, kimya, kwa muda mfupi sana. Mpwa wangu aliifuta dawa mgonjwa akiwa bado hajainywa.

Yako mafaili mengine ya namna hii. Programu nyingine huiendesha SQLite kwa utaratibu wa pili, uliokuja mwaka 2010, ambamo mabadiliko mapya huandikwa kwanza kwenye faili lenye mkia wa -wal, na pembeni yake likawepo jingine la -shm. Katika utaratibu huu lile la -wal linaweza kuwa na kazi yako ya saa nzima ambayo bado haijahamishiwa kwenye faili kuu. Kulifuta ni kufuta saa hiyo. Na kunakili faili kuu peke yake huku ukiliacha la -wal ni kunakili mti wa asubuhi ukidhani ni wa jioni.

Kanuni ninayowapa ndugu zangu ni fupi. Katika folda ya Gramps, faili unaloruhusiwa kulifuta kwa mkono ni moja tu, lile linaloitwa lock bila mkia wowote, na hata hilo baada ya kunakili. Faili lolote ambalo jina lake linaanza kwa jina la hifadhidata na kumalizikia -journal, -wal au -shm halifutwi, halihamishwi, halibadilishwi jina. Ukiisogeza hifadhidata, yasogeze pamoja nayo.

Mpwa wangu aliponitumia folda yake, SQLite ilikuwa inatoa ujumbe kwamba sura ya hifadhidata imeharibika, na ujumbe huo ni habari nyingine kabisa, mbaya kuliko ya kufungwa. Tulichokiokoa hakikutoka kwenye hifadhidata. Kilitoka kwenye nakala ambazo Gramps ilikuwa inazitengeneza yenyewe kila anapotoka, kwa sababu miezi kadhaa nyuma nilimwekea mipangilio hiyo. Alipoteza kazi ya siku mbili.

Ikiwa unatumia Gramps, fungua mipangilio leo uwashe nakala ya kila unapotoka, na ile ya kila baada ya muda; unaweza kuchagua dakika 15, dakika 30 au saa nzima. Mimi nimechagua dakika 15 kwa sababu ya umeme wetu. Nakala hizi zina mkia wa .gramps na ndani ni maandishi ya kawaida yaliyobanwa, kwa hiyo hata hifadhidata yote ikiharibika, hata Gramps yenyewe isipokuwepo, mtu mwenye ujuzi kidogo anaweza kuyasoma majina. Elekeza folda ya nakala hizi kwenye diski nyingine, au hapa sasa kwenye ile folda ya mtandaoni niliyoisema vibaya huko juu, maana faili lililokwisha kuandikwa na kufungwa halina ugomvi na mtu. Mara moja kwa mwezi toa pia GEDCOM, muundo ulioanzishwa mwaka 1984 na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho na unaosomwa karibu na kila programu ya nasaba. GEDCOM huacha nyuma baadhi ya mambo ambayo Gramps inayajua, kwa hiyo isiwe nakala yako ya pekee.

Nakala ambayo hujawahi kuifungua usiitegemee. Anzisha mti mtupu, uupe jina la majaribio, uingize nakala ya jana ndani yake, uhesabu watu. Idadi ikilingana na ya mti wako, ufute mti wa majaribio ukalale.

Turudi kwa aliyevunja kufuli akafaulu kuingia. Asianze kuandika mara moja. Kwenye zana za Gramps kuna sehemu ya kurekebisha mti, na humo kuna zana ya kukagua na kutengeneza hifadhidata, iendeshe. Itakuambia kama kuna mtoto anayemtaja mzazi asiyekuwepo, au ndoa isiyo na wenyewe. Kisha watazame kwa macho watu watano au sita wa mwisho uliowaingiza kabla ya umeme kukatika. Kwa anayetumia RootsMagic, ndani ya programu kuna zana za hifadhidata, ya kwanza ikiwa ni ya kupima uzima wa faili. Anza na hiyo kabla ya nyingine.

Wanaotumia Legacy Family Tree wajue kwamba programu yao imejengwa juu ya injini ya Microsoft Access, si SQLite, kwa hiyo majina ya mafaili ya pembeni yatakuwa tofauti. Utaratibu haubadiliki: funga kila kitu, nakili folda, tafuta aliye hai, ndipo uguse.

Pia si kila kukataa ni kufuli. Ujumbe ukisema hifadhidata ni ya kusoma tu, tazama kama flashi ina kile kiswichi cha pembeni cha kuzuia kuandika, au kama faili lilinakiliwa kutoka CD, au kama folda ni ya mtumiaji mwingine wa kompyuta hiyo. Diski ikijaa, nayo huleta lugha za ajabu. Soma ujumbe wote, upige picha kwa simu kabla ya kuufunga. Nimepoteza jioni nyingi nikimsaidia mtu kwa simu kumbe "imefungwa" ilikuwa tafsiri yake yeye, na kompyuta ilisema jambo lingine.

Limebaki suala la watu, na makufuli mengi niliyoyaona yalianzia huko. Ukoo una watu wanne wenye hamu, mmoja Tanga, mmoja Mombasa, mmoja Muscat, mmoja London, na wote wanataka mti uwe mmoja. Wanauweka kwenye folda ya pamoja mtandaoni, na wiki ya pili vita vinaanza: nani aliacha mti wazi, nani alivunja kufuli la nani, kwa nini wajukuu wa bibi wamekuwa wawili wawili. Programu hizi za mezani ziliundwa kwa mwandishi mmoja. Wenye mtu wa kuwasimamia seva wanaweza kutumia Gramps Web, iliyotengenezwa mahsusi ili watu wengi waingie kwa kivinjari, kila mmoja kwa jina lake na ruhusa zake. Ni kazi nzuri na naipendekeza kwa ukoo wenye kijana anayezijua seva na atakayekuwepo mwakani pia.

Sisi hatuna kijana huyo, kwa hiyo tumerudi kwenye utaratibu wa kuwa na mwandishi mmoja. Mti unakaa kwenye kompyuta yangu. Binamu yangu aliyeko Muscat hurekodi wazee wa huko kwa simu, akanitumia sauti na picha za karatasi. Mimi naandika, nikiweka kwenye kila jina chanzo chake na tarehe niliyoambiwa. Kila Ijumaa baada ya sala namtumia faili la .gramps la siku hiyo, lenye tarehe kwenye jina lake, naye analiingiza kwenye mti mtupu kwake, anasoma, ananirudishia masahihisho kwa maandishi. Mimi nisipopatikana kwa wiki tatu, yeye ndiye anakuwa mwandishi, kuanzia faili la mwisho alilopokea. Tumekubaliana hivyo mbele ya shangazi.

Yule mtu wa 33 nilimwingiza kesho yake asubuhi. Nilikuwa nimeandika vibaya jina la mama yake, na shangazi, akinywa chai, alinisahihisha kabla sijamaliza kulisoma. Wiki ile ile nilinunua UPS iliyotumika, betri yake inashika dakika nane hivi. Nimezipima kwa saa: zinatosha kumalizia mtu mmoja, kuufunga mti, kusubiri nakala iandikwe, na kuizima kompyuta.